Mifuko Miwili ya Chokaa

Asubuhi ile redio ilikuwa juu ya ndoo, mahali pake pa kila siku, na mimi nilikuwa ninafunga mkanda wa mota. Mashini ilikuwa bado haijawashwa. Kama ingekuwa inanguruma, ningekuwa mtu wa mwisho katika Likasi nzima kujua kwamba ninaua watu.

Wamama walikuwa wamepanga beseni zao za mahindi kwenye mstari, toka mlangoni mpaka barabarani. Redio ikasema, kwa ile sauti ya mtu aliyelala vizuri na kunywa chai: "Inasemekana mzee mmoja mwenye mashini ya kusaga, karibu na reli, nyumba ya kuta nyeupe, anachanganya chokaa ya Kakontwe katika unga ili uwe mweupe na mzito. Watu wajihadhari." Halafu wakaweka wimbo. Halafu wakasoma komunike, yaani tangazo, ya mbuzi aliyepotea.

Karibu na reli kuna mashini ya kusaga moja tu yenye kuta nyeupe. Nilikuwa nimesimama ndani yake, mkanda mkononi.

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Mama wa kwanza aliinua beseni yake, akatazama chini, akatoka. Wa pili naye. Beseni zilikuwa zinaondoka moja moja, kama watu wanaotoka kwenye kilio wakiwa wamechoka. Alibaki mmoja ambaye nimemsagia tangu mtoto wake wa kwanza, na sasa mtoto huyo ana watoto. Alinitazama usoni, na kwa hilo ninamheshimu mpaka leo.

"Papa, minye sijue," akasema. "Lakini niko na batoto mu nyumba."

"Mama, weye unanijua miaka yote hii."

"Njo maana nakuambia mbele ya macho. Bengine balienda tu."

Akaenda.

Ninaandika haya mwenyewe, kwa mkono wangu, na anayetaka kucheka maandishi yangu acheke. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya msingi, upande wa Mulungwishi, halafu baba akafa na daftari likaisha. Nilikuja mjini kwa miguu. Nikapata kazi ya kuvunja mawe kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe, miaka mingi, mpaka kikohozi changu kikawa na rangi ya mawe. Kusoma vizuri nilijifunzia kwenye mifuko: nani ameitengeneza, uzito gani, weka mbali na maji. Mashini ya kwanza niliinunua imekufa, nikaifufua kwa mikono yangu na kwa msaada wa fundi mmoja mlevi. Hakuna mjomba aliyenisukuma, hakuna chama, hakuna mtu mkubwa. Kwa hiyo nikisema jina langu ni mali yangu, ninasema kama mtu anayesema nyumba hii niliijenga, tofali kwa tofali.

Na sasa hiyo chokaa. Ndiyo, chokaa ilikuwepo. Kila mwaka kabla ya mvua ninanunua mifuko miwili, ninapaka kuta za mashini, ndani na nje, na choo pia. Ndivyo tulivyofanya sisi wote tuliotoka Kakontwe: mwaka ukigeuka, unapaka nyumba yako. Ilikuwa fahari yetu. Ukipita kartie fulani, yaani mtaa fulani, unaweza kujua nani alivunja mawe ujana wake, kwa kutazama kuta tu. Tena wadudu wa mahindi hawapendi chokaa, hawapandi ukutani. Ule usafi wangu, ambao wenye mashini wengine hawana, ndio walioufanya kuwa ushahidi. Hasira yangu ilianzia hapo.

Siku ya pili redio ilirudia. Siku ya tatu ilirudia tena, wakaongeza neno "hatari". Siku ya nne mashini yangu ilisaga meka mbili tu za mahindi, makopo mawili ya kupimia, na zote zilikuwa za nyumbani kwangu. Mwanamume mmoja wa baiskeli ya makaa alipita polepole mbele ya mlango, akapaza sauti barabara nzima isikie:

"Papa Chokaa! Tupatie meka moja ya kupakala nyumba, na ingine ya kukula!"

Watu walicheka. Hata mimi, ungeniambia habari hiyo ni ya mwingine, ningecheka. Toka siku hiyo nikawa Papa Chokaa. Kanisani, dada mmoja alisimama akawaombea "wale wanaouza mauti kwa kilo", macho yake yamefungwa lakini uso umeelekea benchi letu.

Nikavaa shati safi, nikaenda kwenye redio.

Ni nyumba ya vyumba viwili yenye mlingoti nyuma. Kwenye chumba cha mbele kulikuwa na msichana wa kupokea karatasi, na mbele yake mama mwingine aliyepotelewa na mbuzi. Nikakaa kwenye benchi, nikasikiliza.

"Mbuzi eko na rangi gani?"

"Nyeusi, na kidoti ya mweupe hapa."

"Ulimununua kwa nani? Karte yako ya kupigia kura iko wapi? Shefu wa kartie alitia muhuri? Bila muhuri hatusome, mama. Kesho mutu atasema mbuzi ni yake, shiye tutajibu nini?"

Mama akarudi kutafuta muhuri. Mimi nikabaki nimekaa pale, na damu inapanda. Kwa mbuzi, wanataka rangi, mwuzaji, karte, muhuri. Kwa jina la mtu, wanataka nini?

Bwana wa habari alitoka. Namwita hivyo kwa sababu jina lake sitaliandika. Mimi sitamfanyia alichonifanyia. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, ndevu zimekatwa vizuri, mpole. Tulikuwa tunafahamiana, na nitasema baadaye namna gani. Alinivutia kiti.

"Muzee, karibu, ikala."

"Sitaikala. Ni weye ulisema?"

"Minye sikusema ni weye, muzee. Nilisema inasemekana."

"Inasemekana na nani?"

"Bantu balipiga simu."

"Bantu ngapi?"

Akatazama simu yake kama vile simu itamsaidia. "Mumoja. Alisema aliona mifuko mbili ya chokaa inaingia kwako. Ni bongo, ni uwongo?"

"Haiko bongo. Iliingia."

"Sasa unaona!"

"Naona nini? Uliniuliza ni ya nini?"

Halafu akasema, "Muzee, habari ya asubui haingojakake."

"Kutoka hapa mpaka kwangu viatu yako haipate hata vumbi! Na siku tatu! Siku ya kwanza ulikuwa na haraka, sawa. Siku ya pili? Siku ya tatu?"

Hapo akaniambia kwamba sheria inanipa haki ya kujibu. Nilifurahi, kwa muda wa kupumua mara moja. Akaeleza: niandike jibu langu, kwa Kifaransa, nilipeleke kwa msichana wa mbele, litasomwa kama komunike, jioni, baada ya matangazo ya vifo. Niambatanishe karte yangu. Na muhuri wa shefu wa kartie.

Sikumpiga. Ninaandika hivyo kwa sababu watu wengi wa kartie wanadhani nilimpiga. Nilimwambia tu kwamba mbuzi wa yule mama ana bahati kuliko mimi, maana mbuzi hakuna anayeweza kumtaja bila karatasi. Nikatoka. Msichana alikuwa amefunika mdomo, sijui kwa woga au kwa kicheko.

Siku mbili baadaye gari lilisimama kwangu. Alishuka bwana wa koti, kutoka ofisi moja ya serikali inayochunga mambo ya redio. Toka nifungue mashini, mtu wa serikali hajavuka mlango wangu bila kuniomba karatasi. Huyu alikuja na yake, imeandikwa tayari.

"Muzee, walikuharibu," akasema. "Serikali inakusikitikia." Alikataa kiti chenye unga. "Hii ni malalamiko yako. Wewe unatia jina tu hapa chini. Sisi tunafanya yaliyobaki."

Barua yangu, na mimi sijaiona! Nikavaa miwani, nikaanza kusoma polepole, kidole chini ya mstari. Alikohoa. Nikaendelea. Kifaransa changu ni cha mifuko, lakini kuna maneno ambayo mtu maskini anayajua katika lugha yoyote. Nililiona neno la gereza. Nililiona lile la kufunga, ambalo nimelisoma kwenye milango mingi. Barua yangu ilikuwa inaomba yule bwana wa ndevu afungwe, na redio ifungwe, mlingoti ushushwe, si kwa mwezi, kabisa.

"Na jina langu?" nikauliza. "Wapi inaandikwa kwamba watasema walidanganya?"

"Redio ikifungwa itasema namna gani, muzee?" Akacheka, kama mtu anayemweleza mtoto. "Mwongo anapata gereza. Unataka nini zaidi? Nitarudi kesho kuichukua."

Nitasema ukweli wangu: nilitaka kutia jina. Nilitafuta kalamu. Niliona ndani ya kichwa changu yule bwana anapanda lori la askari, ndevu zake zina vumbi, na nikafurahi. Kalamu haikuwa na wino. Nikangoja mke wangu arudi sokoni na yake.

Mke wangu anauza samaki wakavu wa ziwa Tshangalele, kwenye meza yake ileile tangu tuoane. Aliweka kikapu chini, akanisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika ile kalamu, hanipi.

"Utatia jina?"

"Nitatia."

"Ile jina unasema balichafula, njo unaipeleka tena kwa bantu ya koti baipangushie mikono?"

"Mama, usinichokoze. Kalamu."

"Nani alisema habari ya samaki yetu?"

Jibu tulilijua wote. Miezi michache kabla, soko lilikuwa na watu waliokuwa wanapita kila asubuhi kukusanya ushuru. Asiye na pesa, wanachukua samaki, bila risiti, wanafunga katika mfuko wao. Wamama walilia kila mahali, ofisi baada ya ofisi. Redio ile ndiyo iliyowapa kipaza sauti, mke wangu mmojawapo, na yule bwana wa ndevu akasoma saa wakusanyaji wanapopita na rangi ya kofia zao, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka wakaacha kuja. Wakusanyaji wale walikuwa wanatumwa na nani? Bwana wa koti hakunieleza kwa nini anasikitika sana juu ya unga wangu.

"Bakifunga redio," mke wangu akasema, "lundi, jumatatu ile tu, bako mu soko na mifuko yabo. Na bataanza na meza yangu, juu nilisema mu redio."

"Kwa hiyo mimi nikae na chokaa yangu! Wewe upone, mimi nife!"

"Sikusema ufe. Nakuuliza kintu ingine." Akakaa juu ya kikapu kilichogeuzwa. "Siku ya kufungua mashini mupya, redio ilisema unalishaka bayatima. Yatima gani? Nimuone mumoja."

Nikasema yalikuwa maneno ya sherehe tu.

"Ulienda kubauliza muhuri siku ile?"

Hapo nilikasirika sana, nikatoka nje, nikasimama karibu na ukuta wangu mweupe. Nilikasirika kwa sababu hakuna pa kumshika.

Maana ilikuwa kweli. Nilisema nitaeleza namna gani nilifahamiana na bwana wa habari: ni siku ile. Nilileta mashini kubwa, nikaua mbuzi, nikaita watu, na redio nayo. Kwetu, redio ikija kwenye sherehe yako, wakati wa kuondoka unawapa bahasha ya pesa. Inaitwa transpo, yaani nauli, hata kama nyumba ya redio ni ya mwendo wa miguu. Kila mtu anafanya: mchungaji, mwenye shule, mwenye timu ya mpira. Kesho yake asubuhi wakasema mashini yangu imetoka Ulaya mpya kabisa, kumbe niliinunua kwa mtu aliyefilisika, ina kutu. Wakasema ninalisha yatima wa kartie. Sikumlisha yatima hata mmoja. Na mimi nilifanya nini? Nilipandisha sauti. Niliita majirani. Nilikunywa ule uongo kama soda baridi, na kwa mwezi mzima niliwaitikia watu walioniita mfadhili.

Bwana wa habari hakuniuliza siku ya asali, na siku ya nyongo hakuniuliza vilevile. Mimi ndiye niliyemzoeza, na wengine kama mimi. Sisemi hivi kumwosha: mshahara mdogo haumpi mtu ruhusa ya kuniua. Lakini aliyempa bahasha ya kwanza alikuwa na mikono ya unga.

Asubuhi sikungoja gari la bwana wa koti. Nilichukua ile barua, bila jina chini yake, nikarudi kwenye redio. Niliiweka mbele ya bwana wa habari. Aliisoma haraka, yeye ni msomi, na uso wake ukawa kama chokaa kweli.

"Muzee, ulitia jina?"

"Angalia chini."

Akaangalia. Akakaa.

"Sasa sikia," nikasema. "Ulisema siku tatu, saa kumi na mbili na nusu, kwa mudomo yako. Utasema tena siku tatu, saa ileile, mudomo ileile. Haiko jioni, haiko kisha komunike ya bantu balikufa, haiko yule mutoto mwanamuke asome. Weye. Na utakuya kwangu na ile mashini ya kukamata sauti, uone kwa macho. Na mukienda, hakuna transpo. Hata maji ya kunywa sitakupatia, utakuya na yako."

"Direkta hatakubali, muzee. Redio haijasemaka 'tulikosa' hata siku moja."

"Basi mupatie barua asome. Namupatia mpaka saa sita."

Saa nne walikuwa kwangu, wote wawili, direkta ametangulia kwa jasho.

Mke wangu alikuwa ameita wamama wa soko, nao wakaita wengine. Walifungua mifuko yangu yote, wakachekecha, wakaonja unga mkavu kwa ulimi. Mama mmoja alimwaga siki juu ya konzi ya unga na juu ya kipande cha chokaa kilichobanduka ukutani, akamwonyesha bwana wa habari: chokaa ilichemka povu, unga ukalala kimya. "Weye ulisoma," akamwambia, "hii hawakukufundisha?" Mke wangu akapika bukari, ugali wetu, palepale. Akaweka sahani mbele ya bwana wa ndevu, kubwa, ya mtu wa mgodini.

"Kula, baba. Tukusikie unakula."

Akala mbele ya kipaza sauti. Wamama wakamhesabia matonge kwa kelele.

Halafu alinipa kipaza sauti, nami nikasema ninayotaka. Nilisema mimi si mwuaji. Nilisema chokaa ilikuwa ya kuta, njooni muziguse. Halafu nikasema mashini yangu haikutoka Ulaya mpya, na yatima sijawahi kulisha, na nilitoa bahasha. Direkta alinyoosha mkono kuzima. Mke wangu akamshika kifundo. Ilirushwa yote, siku tatu, saa kumi na mbili na nusu. Siku ya kwanza bwana wa habari alikimbiza maneno aliposema "nilikosa, sikumuuliza". Siku ya tatu alisema vizuri.

Bwana wa koti alirudi kuchukua barua. Nilimwambia iko redioni, akaiombe kule. "Muzee, utajuta," akasema. Wiki iliyofuata wakaguzi walikuja kwangu mara tatu: mizani, choo, karatasi. Choo changu walikikuta cheupe kuliko ofisi yao.

Baadaye waliniita kwenye mkutano, ule wanaouita atelie, ukumbi wenye chupa za maji, watu wa sheria wakijadili namna ya kubadilisha masharti ya redio. Wengine walisema mwandishi akikosa, gereza. Wengine walisema mwandishi asiguswe na mtu. Waliponipa nafasi nilisema mimi sijui vifungu. Nilisema gereza halinisafishii unga, na mlingoti ukianguka wamama wa soko wanaangukiwa nao. Lakini nilisema pia kwamba uhuru wa kunisema bila kuniuliza siutambui, hata mkiuandika kwa dhahabu. Anayesema, aulize kwanza. Akikosa, aseme alikosa, saa ileile, kwa sauti ileile. Na watu wa kuhukumu wasiwe wale wa koti. Wawe waandishi wenyewe na sisi tunaosikiliza, tumekaa benchi moja. Walipiga makofi. Bwana mmoja aliandika. Sijui aliandika nini, na sheria bado sijaiona.

Wateja? Wengi walirudi, si wote. Yule mama mwenye batoto alirudi wa kwanza. Wengine mpaka leo wanavuka reli kwenda kusaga mbali, na jina la Papa Chokaa halikufutwa na redio yoyote. Linaniuma. Uongo ulitembea siku tatu na ukweli siku tatu, lakini havikufika mahali pamoja.

Mwaka huu mvua ilipokaribia, nilinunua mifuko yangu miwili kama kawaida. Fundi wangu alishauri tuipeleke kimya, kabla watu hawajaamka. Nilimfokea. Niliipakia kwenye mkokoteni saa sita mchana, jua kali, nikausukuma mwenyewe, na sikupita njia fupi. Nilipita barabara ya redio, nikasimama mbele ya mlango wao kupumzika, chokaa imenipaka mpaka nyusi.

Bwana wa ndevu alitoka na daftari mkononi. Akatazama mifuko. Akanitazama. Nikangoja.

"Muzee," akasema, "samahani. Hii chokaa ni ya nini?"

"Ya kuta," nikamjibu. "Andika."

Akaandika. Nikasukuma mkokoteni wangu.